Jina la Mtumaji: Nta

Simu iliingia asubuhi, Kitinda akiwa na plasta mbichi ya kufinyangia mpaka viwikoni, na kwa kuwa hakuwa na kidole kikavu aliipokea kwa kuibonyeza na kidevu.

"Nyie watu wa meno," alisema daktari wa kliniki ya ghorofani, mama mpole ambaye siku hiyo upole alikuwa ameuacha nyumbani. "Naomba utani huu uishe. Mimi na marehemu tulitaniana sana, sikatai, lakini utani una mipaka yake."

"Utani gani tena, daktari?"

"Barua pepe ya jana. Umeniandikia kwamba meno ya yule dereva yako tayari. Sawa, nimeshukuru. Lakini imetoka kwa Nta."

Kitinda alicheka kicheko cha mtu ambaye hajaelewa. Alinawa mikono, akafungua kompyuta, akaitafuta ile barua kwenye zilizotumwa. Jina la mtumaji lilikuwa lake, Kitinda, limekaa pale kama kawaida. Alimwambia daktari hivyo. Daktari akamwambia basi njoo uone mwenyewe, akakata simu bila kuaga.

Nta alikuwa kaka yake mkubwa. Jina hilo alipewa na madaktari kwa sababu nguo zake, nywele zake, hata pesa alizotoa mfukoni zilinukia nta ya kupangia meno. Yeye Kitinda aliitwa hivyo tangu kuzaliwa kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na mpaka ana mvi mbili tatu hakuna aliyekumbuka kumpandisha cheo. Walitengeneza meno ya bandia pamoja miaka mingi. Sasa Nta alikuwa amezikwa, tena Kitinda alikuwepo, aliona kwa macho yake.

Karakana yao ni chumba kirefu nyuma ya nyumba, dirisha moja likitazama kamba ya nguo, jingine likitazama ukuta wa jirani. Kuna meza mbili, mashine ya kung'arishia inayolia kama mtoto mwenye njaa, sufuria kubwa ya kuchemshia, na tanuri dogo la meno ya kauri lililowekwa juu ya kabati. Halafu kuna rafu. Hizo ndizo zinazowatisha wageni. Zimejaa vinywa vya plasta, vya juu na vya chini, vyeupe, vimepanuka, na kila kimoja ni cha mtu aliye hai ambaye mahali fulani anatafuna chakula chake bila habari. Nta alisema hao ndio wasikilizaji wake wazuri, kwa sababu hawachoki na hawaombi kuazima kitu.

Anwani ya barua pepe ilikuwa moja tu, ya karakana, na watu watatu waliitumia: Nta, Kitinda, na mke wa Nta, aliyepeleka kazi kwenye kliniki na kufuatilia malipo. Kitinda alimwita wifi, naye alimwita Kitinda wifi. Kila mmoja aliweka jina lake kwenye kifaa chake, ili barua ikifika ijulikane imetoka kwa nani. Mke wa Nta, asiyependa makuu, aliandika "Ofisi".

Na Nta alikuwa na sheria ambayo ungempiga na shoka asingeiacha. Anayepanga meno kwenye nta ndiye anayemwandikia daktari kwamba kazi iko tayari, kwa jina lake, hata kama mwenzake ndiye aliyeyapika, yaani kuitoa nta na kujaza plastiki mahali pake, na kuyang'arisha. "Kupika plastiki, hata sufuria inaweza," alisema. "Kupanga meno ndiko kumrudishia mtu kicheko chake. Yakimbana, daktari ajue amgombeze nani." Ili mambo yasichanganyike, chini ya kila kinywa cha plasta ilitiwa alama kwa ncha ya kisu: mkato kwa kazi ya Nta, kitundu kwa kazi ya Kitinda. Kusema kweli vitundu vilikuwa vichache. Kitinda alipanga magego na meno ya pembeni, lakini meno ya mbele, yale yanayoonekana mtu akicheka, alimwachia kaka yake. Alikuwa na mkono, ila hakuwa na moyo.

Kabla ya kulazwa, Nta alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Alipanga meno ya watu, akapanga, mpaka rafu ya karibu na mlango ikajaa nta ya waridi, na mkewe akamwambia utajiua. Hakujibu. Kifua kilikuwa kimeshambana na maneno aliyahesabu. Baada ya mazishi Kitinda alirudi karakana akafanya lililowezekana: alitoa kazi hizo moja baada ya nyingine, akazipika, akaziandikia barua kwa kompyuta yake na jina lake. Sheria ya kaka yake aliisahau, au alijisahaulisha. Marehemu haandiki barua pepe, na madaktari walitaka meno yao.

Siku ile ya simu, Kitinda alipanda ngazi mpaka kliniki. Karani wa mapokezi, kijana wa kike mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, alimgeuzia kompyuta. Barua ilikuwa ile ile, maneno yale yale aliyoyaandika kwa vidole vyake, hata kosa lake la kawaida la kusahau nukta lilikuwepo. Juu yake, kwa herufi nzito, imeandikwa Nta.

"Na si hii tu," alisema karani. "Mimi nilidhani mmeamua iwe hivyo. Kumbukumbu."

Fundi wa kompyuta walimwita Kebo, kwa sababu hakuonekana mahali bila waya shingoni. Alikuja na begi, akavuta kiti cha Nta bila kuuliza, akakaa.

"Wifi iko wapi?" aliuliza, akitafuta intaneti.

"Ameenda kliniki, atarudi mchana," alijibu Kitinda.

Walitazamana, kisha wakacheka mpaka Kitinda akajifuta machozi. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza ndani ya chumba kile tangu msiba, na vinywa vya rafuni vilikuwa vimepanuka tayari, kama vinacheka navyo. Hilo alilitambua baada ya kunyamaza, akaangalia pembeni.

Kebo alimweleza vizuri, hana kiburi. Jina la mtumaji, alisema, ni kama jina unaloandika nyuma ya bahasha. Anayesambaza barua halikagui. Linaweza kuwekwa kwenye akaunti, linaweza kuwekwa kwenye kifaa, na linaweza kuwekwa na yule anayepokea, kama alihifadhi anwani hiyo kwa jina jingine. "Sehemu tatu," alisema. "Tatizo halina pa kujificha."

Akakagua. Kwenye akaunti, jina ni la karakana. Kwenye kompyuta, Kitinda. Kwenye simu ya mke wa Nta, aliporudi, Ofisi. Simu ya Nta ilikuwa kwenye mtoto wa meza, kioo kimepasuka, betri imevimba kama andazi, haikuwashwa tangu hospitali. Hata hivyo Kebo aliiondoa kwenye akaunti, akabadilisha neno la siri, akafuta kila kitu na kukiweka upya. Alijitumia barua ya majaribio, ikafika kwa jina la Kitinda. Akampigia karani wa kliniki, akamwelekeza jinsi ya kutafuta kama anwani imehifadhiwa kwa jina la Nta. Haikuhifadhiwa kwa jina lolote.

"Imekwisha," alisema Kebo, akivaa waya zake.

Mke wa Nta alikuwa amesimama mlangoni tangu aliporudi, mkoba begani. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye maneno machache, na tangu afiwe yamezidi kupungua.

"Nakuomba uhakikishe," alimwambia Kebo. "Popote ninapopeleka kazi wananiuliza habari za hilo jina. Wananiangalia machoni kuona kama nitalia. Mimi nimechoka kufiwa kila wiki."

Wiki iliyofuata barua ya kwanza ilifika kwa jina la Kitinda, ya pili ikafika kwa jina la Nta. Kebo alirudi, akajaribu hiki na kile, akakuna kichwa, mwishowe akasema mashine nazo zina siku zao na kwamba asilipwe mpaka apate jibu. Ukiona fundi anakataa hela yake mwenyewe, ujue ameogopa.

Ni Kitinda aliyepata jibu, mchana mmoja umeme ulipokatika na mashine zote zikanyamaza. Alikuwa amekaa akipitia majibu ya madaktari kwenye simu. Wengine walianza "Asante Kitinda", wengine "Asante Nta", kisha wakaomba radhi. Alijiuliza kwa nini wengine hivi na wengine vile, siku moja, saa moja, kompyuta moja. Akainuka, akaanza kuteremsha vinywa vya plasta vya kazi zote zilizotoka tangu mazishi. Alivipanga mezani, vya Asante Kitinda upande huu, vya Asante Nta upande ule. Kisha akavigeuza, kimoja kimoja, kutazama chini.

Upande huu, vitundu. Upande ule, mikato.

Hakuna hata kimoja kilichokosea upande. Kitinda alisimama, mikono imejaa vumbi jeupe, na ule ukimya wa chumba ukamwelemea masikioni. Kaka yake alikuwa anaishika sheria yake. Kazi aliyoianza yeye alikuwa anaisaini yeye.

Mtu mwingine angekimbia, na nisingemlaumu. Kitinda aliketi chini sakafuni, akasema kwa sauti, "Kumbe upo." Alisubiri, kama mjinga, na hakuna kilichojibu. Alilia kidogo, lakini ukweli ni kwamba ilikuwa furaha. Miezi ile yote alikuwa amefanya kazi peke yake akizungumza na ukuta.

Umeme uliporudi alijaribu. Aliandika barua mbili, ya kazi yenye kitundu na ya kazi yenye mkato, akazituma kwa pamoja, akampigia karani. "Ya kwanza Kitinda, ya pili Nta," alisoma karani. "Dada, mimi naanza kuogopa kufungua hii mashine." Siku nyingine Kitinda alichukua kazi yake mwenyewe, akachora mkato chini yake kama wa kaka yake. Ikafika kwa jina la Kitinda. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akafuta jina lake, akaandika Nta kwa mkono wake, akatuma. Ikafika kwa jina la Kitinda. Nta hakuwa mtu wa kudanganyika alipokuwa hai, na inaonekana kufa hakukumbadilisha.

Basi ikawa kila akituma kazi ya kaka yake, anapiga simu kliniki na kisingizio chochote, ili tu asikie mtu akisoma jina lile. Kitinda hakumwambia wifi yake. Alijiambia anamhurumia, asimtoneshe kidonda. Lakini mimi nasema alikuwa mchoyo. Kilikuwa chake, na hakutaka kukigawa.

Kitu ambacho hakuwa amekihesabu ni rafu. Rafu ya karibu na mlango ilikuwa inaisha, na asubuhi moja alinyoosha mkono akakuta imebaki kazi moja tu.

Ilikuwa seti kamili, juu na chini, ya mwalimu mstaafu, bibi mwembamba aliyezungumza na leso mdomoni. Nta alimpenda bibi huyo. Aliomba picha yake ya ujanani, akaitazama siku nzima, kisha akampangia meno na moja la mbele akaligeuza kidogo tu, kwa sababu kwenye picha lilikuwa limegeuka. Yalipojaribishwa yakiwa bado kwenye nta, mwalimu alijitazama kwenye kioo akasema, "Haya ni yangu." Kisha daktari aliona kidonda kwenye ufizi, akaamuru wasubiri. Ndiyo maana kazi hiyo ilikuwa ya mwisho.

Sasa daktari alipiga simu. Kidonda kimepona, wamalizie. Kitinda akajibu sawa. Akaitazama ile nta, meno yamepangika kama yanataka kusema kitu, na hakuwasha sufuria. Akiipika hii na kuiandikia, atasikia jina la Nta mara moja, halafu basi. Hakuna nyingine, milele. Siku ile hakuweza. Kesho yake pia hakuweza.

Alianza kumpiga chenga daktari. Plastiki ya ufizi imekwisha. Umeme hautabiriki. Sufuria inavuja. Wifi yake aliuliza mara mbili, "Ya mwalimu iko wapi niipeleke?" na alipoona anaulizwa mara ya tatu, Kitinda aliichukua ile kazi, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaificha mahali ambapo wifi hafiki wala hatazami: juu ya tanuri la kauri, juu ya kabati. Tanuri lilikuwa halijawashwa muda mrefu, limepoa kama kaburi. Fundi wa nta ambaye ana akili zake haweki nta juu ya tanuri. Kitinda alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini alikuwa anaficha, na mtu anayeficha hufikiria macho ya watu tu, mengine yote yanamtoka.

Mwalimu alikuja mwenyewe, bila taarifa, leso mdomoni. Alikaa kwenye kiti cha Nta, akaweka mkoba magotini.

"Mwanangu," alisema, maneno yakipeperuka kwenye ufizi mtupu, "mimi si mtu wa kusumbua watu. Lakini Jumamosi namwoza kijana wangu wa pekee. Nitasimamishwa niseme neno. Nimefundisha maisha yangu yote, sijawahi kusema mbele za watu nimejiziba mdomo. Niambie tu ukweli, nitayapata au nisiyategemee?"

Kitinda aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. "Utayapata, mama. Kaka aliyaacha tayari. Ni kupika tu."

"Nilijua," alisema mwalimu. "Yule kaka yako hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani."

Bibi alipoondoka, Kitinda alipanda juu ya stuli. Alikuwa amepiga moyo konde. Atapika leo, ataandika kesho, atalisikia jina, ataaga. Alishika kile kitambaa, kikawa laini mkononi, na chini ya kitambaa kitu kikateleza.

Hapo ndipo alipokumbuka. Jana yake ilikuja kazi ya jino moja la kauri, ya haraka, naye aliwasha tanuri mchana kutwa huku akiimba.

Alikifungua mezani. Nta ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena, imekuwa uji wa waridi uliotuama kwenye plasta, na meno yamezama humo ovyo, mengine yameelekea juu, mengine yamelala kifudifudi. Lile la mbele lililogeuzwa kidogo hakuweza hata kulitambua. Kitinda alikaa, akaweka viganja juu ya meza kila upande wa ile kazi, akabaki hivyo mpaka kivuli cha nguo za kambani kikahama kutoka dirisha moja hadi ukutani.

Halafu akachemsha maji, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja.

Aliosha nta yote ikatoka, akabaki na kinywa cha plasta kitupu na meno kwenye sahani. Akawasha taa ya spiriti ya kulainishia nta. Magego aliyapanga haraka, hayo ni mambo yake. Alipofika mbele alisimama. Picha ya mwalimu ilikuwa bado imebandikwa ukutani na Nta, msichana mwenye shati la ualimu, anacheka jua likimpiga usoni. Kitinda aliitazama mpaka ikaacha kuwa picha ya mteja. Kisha akachukua jino la kwanza la mbele, akalipasha, akalibandika. Halikukaa. Akalitoa, akaanza tena. Alitoa na kubandika jioni ile yote na kesho yake kutwa, na mara kadhaa alijikuta ameshikilia jino hewani, akisubiri sauti nyuma yake iseme punguza, ongeza, hapo hapo. Vinywa vya rafuni vilimtazama. Hakuna kilichosema kitu, akaamua mwenyewe.

Mwalimu aliitwa, akajaribishwa palepale. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akageuza uso kushoto, akageuza kulia.

"Si yale," alisema.

Kitinda alijibu, "Si yale, mama. Yale yaliharibika mikononi mwangu. Haya nimepanga mimi."

Mwalimu alijitazama tena, na pole pole, kama anayejaribu mlango wa nyumba asiyoijua, akacheka. Alicheka meno yote nje, akasahau leso ilipo. "Lakini huyu ni mimi," alisema. "Pika, mwanangu."

Akapika, akang'arisha mpaka vidole vikafa ganzi. Kabla ya kukisafisha kile kinywa cha plasta alikigeuza. Mkato wa Nta ulikuwa bado pale chini, wa kisu chake. Kando yake hakuchora kitu. Akakaa kwenye kompyuta, akaandika, "Daktari, kazi ya mwalimu iko tayari", na kidole kikakaa juu ya kitufe. Alijua anachokiomba. Plasta ni ile ile, picha ni ile ile, hata meno yenyewe ni yale aliyoyachagua Nta kwa mkono wake. Labda itatosha. Labda safari hii moja tu atafumba macho. Akatuma, akapiga simu.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika, dada."

"Imetoka kwa nani?"

Alisikia zile kucha ndefu zikigonga kitufe. "Kwa Kitinda!" alisema karani, furaha tupu. "Dada, imepona! Daktari, njoo uone, barua pepe ya watu wa meno imepona!" Na kwa mbali daktari akasikika akisema afadhali, mpe hongera.

"Ahsante," alisema Kitinda, na akaweka simu chini.

Habari njema huwa na miguu. Mchana Kebo alikuwa ameshapita kusema yeye alijua tangu mwanzo ni mipangilio tu, ilihitaji muda wa kutulia, na kwamba sasa anaweza kulipwa. Kitinda alimlipa. Wifi yake aliporudi kutoka kliniki, alivua viatu mlangoni, akaja akakaa kwenye kiti cha Nta, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu afiwe.

"Nimeambiwa jina limeondoka," alisema.

"Limeondoka, wifi. Utapumzika sasa."

Mke wa Nta alitikisa kichwa kama anayekubali. Alipitisha kidole kwenye vumbi la plasta juu ya meza, akachora mstari, akaufuta.

"Unajua kilichokuwa kinaniuma?" alisema. "Si maswali ya watu. Aliwaandikia madaktari. Alimwandikia hadi yule karani. Mimi nina simu, nina ile ile anwani, nalala nayo chini ya mto. Mimi hakuniandikia hata moja. Nikasema bora lizimwe kabisa kuliko liwe linapita juu ya kichwa changu."

Kitinda akasema yote, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kukaa chumba kimoja na yule mwanamke. Alimwambia habari ya mikato na vitundu, habari ya barua mbili alizozituma pamoja, habari ya rafu iliyokuwa inaisha. Alimwambia alikoificha kazi ya mwalimu, na ilivyoyeyuka.

Wifi yake aliinua kidole kutoka kwenye vumbi.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua ipi itakuja kwa jina lake," alisema.

"Nilijua."

"Na anayeandikiwa, ni wewe uliyechagua."

"Ni mimi."

"Ungeweza kuipika ile ya mwalimu, ukaandika iko tayari, ukanitumia mimi pia. Neno moja tu. Ningeiona kwenye simu yangu."

Rafu ya karibu na mlango ilikuwa tupu, imebaki na madoa ya waridi mahali kazi zilipokuwa. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Kitinda aliivuta kompyuta karibu, bila kujua kwa nini, akaandika barua fupi, "Wifi, nisamehe", akaiandikia anwani ambayo mwenzake aliifungua zamani kwa ajili ya mambo yake binafsi, na akatuma.

Simu ililia ndani ya mkoba. Mke wa Nta aliruka kuishika, akaitoa kwa haraka ambayo Kitinda hajawahi kuiona kwake, akausogeza mwanga wa kioo karibu na uso na kusoma jina la mtumaji. Alilisoma muda mrefu kuliko herufi zilizokuwepo. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, kwenye vumbi.

"Nimeiona," alisema. "Ni wewe."